Hadithi Niliyoisimulia Mchana

Jumamosi iliyopita gulioni Bisibo nilinunua karanga za kukaanga kwa yule binti anayekaa karibu na wauza chumvi, akanifungia kwenye karatasi aliyoichana kutoka kitabu. Sikuwa hata nimeifungua. Harufu ilinifika kwanza: karatasi nene iliyolala miaka mingi kwenye nyumba ya kupikia, moshi, ukungu, na ndani kabisa kitu kama mafuta ya taa. Karanga zenyewe zilikuwa zimeungua. Nilizila zote nimesimama, maana kwa magoti yangu ya siku hizi nikikaa chini gulioni lazima waje watu wawili kuninyanyua, halafu nikabaki nimeshika karatasi puani kama mtu mwenye mafua. Yule binti akaniuliza, "Bibi, karanga zina nini?" Nikamwambia hazina kitu, mjukuu wangu, ni pua tu inazeeka vibaya.

Ilikuwa harufu ya kitabu cha Mwalimu Gervazi.

Nawaambia mapema kwamba habari hii imenichosha. Nimeibeba tangu nikiwa na miaka kama tisa, na mtu akibeba kitu muda mrefu hivyo hajui tena kama ni mzigo au ni sehemu ya mgongo. Naiandika kwenye daftari la mjukuu ambalo kurasa zake za nyuma hazikutumika, na shule yangu mimi iliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta mahali panayumba, mnivumilie. Jina langu ni Pascazia, binti wa Buchumi. Huku Biharamulo niliolewa tu. Nilizaliwa Ngara, juu ya kilima kinachoutazama mto Ruvubu, na haya ninayoyasema yalitokea huko, miaka michache baada ya uhuru.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa ndege. Mtama ukianza kukomaa, ndege wanakuja makundi kwa makundi kama mvua ya kahawia, na mtu asipokaa shambani tangu alfajiri hamvuni kitu. Baba alinijengea dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, refu kuliko yeye mwenyewe. Humo nilikaa na kombeo langu na rundo la vidonge vya udongo, nikipiga kelele mpaka sauti inakwaruza. Dungu lilikuwa na ubaya mmoja. Lilitazama njia ya kwenda shule ya misheni, na kila asubuhi nilimwona kaka yangu Filibert akipita chini yangu, shati likimpepea, hana haraka.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Si shati. Nyumbani tulikuwa na gunia kuukuu lililokuja na chumvi, tukalifanya kitu cha kukalia. Lilikuwa na michoro ya buluu ambayo tangu nizaliwe niliiona ni urembo tu, kama urembo wa vikapu. Siku moja Filibert akarudi kutoka shule, akasimama mbele ya gunia, akasema, "Chumvi safi." Akacheka. Mimi sikucheka. Kumbe gunia lilikuwa likisema miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nalikalia! Tangu siku hiyo nilimsumbua baba anipeleke shule, na baba, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na mtama, alinijibu kila mara jibu lile lile: "Waambie ndege waje Jumapili peke yake, nami nitakupeleka."

Ndiyo hali aliyonikuta nayo Mwalimu Gervazi.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyewahi kusomea upadri akaacha katikati, na watu walikuwa na sababu zao kumi za kwa nini aliacha. Macho yake yalikuwa mabovu. Alivaa miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa kamba ya katani, na jua likianza tu kuinama alikuwa hawezi tena kusoma, akishika njia ya kwenda kwake kwa kupapasa na fimbo. Kwapani alibeba kitabu kinene kama tofali, jalada limeng'oka. Kwa kuwa jalada halikuwapo sikuwahi kulijua jina la mwandishi, na hata mwalimu alimwita tu "huyu mzee," kama vile ni jirani.

Mzee huyo alikuwa wa nchi za mbali, na aliandika jambo lililowakasirisha wenzake wote waliosoma. Alisema hadithi za kale za mataifa, za gharika, za moto kutoka juu, za jua kugoma kuchwa, si porojo za kubembelezea watoto. Ni ushuhuda. Watu waliyaona hayo kwa macho. Alisema zamani nyota kubwa ilitoka kwenye njia yake ikapita karibu na dunia, dunia ikatikisika kama kibuyu cha maziwa kinachosukwa, bahari zikapanda nchi kavu, milima ikapasuka, na wachache waliobaki wakawasimulia watoto wao, na hao wakawasimulia wa kwao, mpaka yaliyotokea kweli yakageuka kuwa habari za miungu na mazimwi. Wataalamu wa nyota walimwambia nyota haziendi hivyo. Wataalamu wa mambo ya kale walimwambia amechanganya miaka. Mwalimu alisema wengine walitaka hata kitabu kisitoke, na nadhani hilo ndilo lililomfanya akipende zaidi.

Shauri lake lilikuwa hili: kama sisi wa huku kilimani, ambao hatujawahi kukiona kitabu hicho wala mwenye kitabu, tunasimulia jambo lile lile, basi nani atambishia yule mzee? Alinunua daftari akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza wazee hadithi za mbingu.

Na hapo ndipo alipokwama. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Jua likiwa juu ukafungua kinywa ukasimulia hadithi, unageuka mjusi. Sisemi utafanana na mjusi, unageuka. Hadithi ni za jioni, moto ukiwa umewashwa na kazi zimekwisha, na ukifikiri sana utaona waliotunga katazo hilo walikuwa na mashamba ya kulima. Lakini jioni mwalimu haoni. Hawezi kuandika, na hata akiandika hawezi kuvuka bonde kurudi kwake. Kwa hiyo alikuja mchana, na mchana wazee walimkaribisha vizuri sana, wakampa pombe ya ndizi, wakamweleza mambo yote yasiyo hadithi. Mzee Bitegeko, jirani yetu, alimwandikisha ukoo wa ng'ombe wake tangu mama wa kwanza, kurasa nne. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye kilima kizima kilijua kwamba hadithi alizonazo hazina mwisho, alimwambia hivi tu: "Mwalimu, ukitaka kunila nyama, nisubiri kwanza nife. Mimi mijusi siwezi."

Basi siku moja alipita chini ya dungu, amechoka, akakaa kivulini kufuta miwani.

"Shikamoo mwalimu," nikasema kutoka juu.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Pascazia wa Buchumi."

Akatazama juu, upande usio wenyewe. Akauliza kwa nini sipo shuleni, nikamwambia habari za ndege. Akavaa miwani. Halafu akauliza, "Bibi yako jioni anawasimulia nini?"

Mtaona wenyewe jinsi jambo lilivyokwenda. Sikuambiwa nisimulie, ni mimi niliyesema. Nilimwambia, "Nikikusimulia, utamwambia baba anipeleke shule?" Mwalimu alikuwa ndiye anayemwandikia baba barua zote na kumsomea zilizorudi, na neno lake nyumbani kwetu lilikuwa zito. Alifikiri kidogo, akafungua daftari. "Nitamwambia," akasema.

Jua lilikuwa utosini. Nilishika nguzo za dungu kwa mikono miwili nikaanza.

Siku ya kwanza nilimpa ya kweli, ile ya bibi kuhusu mbingu ilivyokuwa chini hapo zamani, karibu kabisa na vichwa vya watu, mpaka mwanamke mmoja akitwanga akaigonga kwa mchi, ikaudhika, ikapanda juu. Mwalimu aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akafunua mwingine. Akauliza, "Ilipopanda, ilipanda kwa kelele?" Bibi hakuwahi kusema kelele. Lakini nilimwona usoni, hata kutoka kule juu. Alikuwa kama mtu mwenye njaa anayesikia chungu kikifunuliwa nyumba ya pili. Nikasema, "Kelele nyingi." Akauliza, "Na moto?" Nikasema moto ulikuwepo.

Niliposhuka jioni ile nilijikagua mikono. Ulikuwa wakati wa kiangazi na ngozi yangu ilikuwa imepauka, ina magamba-magamba kwenye viwiko. Ninyi mtacheka. Mimi nilijipaka samli ya bibi kwa kuiba, nikalala nimeshika sehemu ya nyuma ya kiuno kuhakikisha hakuna kitu kinachoota hapo. Asubuhi nilikuwa bado mtoto wa kike, nikapanda dungu tena.

Alikuja siku nne au tano. Hadithi za kweli za mbingu nilizozijua zilikuwa tatu, zikaisha. Na alikuwa bado hajamwambia baba. Kwa hiyo siku ya mwisho nilimtungia. Lakini siwezi kusema nilitunga peke yangu, maana alinisaidia bila kujua. Nilisema kulikuwa na nyota mwanamke, moto wake wa jikoni ukazimika, akaenda kuomba kaa kwa mwezi. Mwezi akampa kijinga cha moto kikubwa kuliko mikono yake. Njiani upepo ukakipuliza, nywele zake zikashika moto. Hizo nywele nilizitoa kwa shangazi yangu, aliyeungua hivyo hivyo akichochea jiko. Nyota akakimbia bila kuangalia njia, nywele zikiwaka nyuma yake, akatupita sisi karibu kiasi kwamba nyasi za paa zilijikunja. Kuku wakaingia kulala asubuhi. Hao kuku niliwaona mwenyewe siku ya mvua kubwa ya mawe.

"Na mto?" akauliza mwalimu, kalamu imesimama. "Mto haukufanya kitu?"

Sikuwa nimefikiria mto. Nikasema Ruvubu iliogopa, ikarudi nyuma ikapanda mlima kwenda kujificha kwa mama yake, samaki wakabaki kwenye matope wanatazama juu. Na siku mbili hakukucha.

Mwalimu alivua miwani. Aliniambia jambo hilo limo kwenye kitabu, ukurasa fulani, karibu neno kwa neno: giza la siku nyingi, nyota yenye nywele, maji kurudi yalikotoka. Aliniambia mimi sijui ninachokijua. Nami nilikuwa najua vizuri sana, nikampiga ndege mmoja kwa kombeo ili nifanye kitu.

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa baba. Baba alikubali nianze mwaka mpya, mtama ukishavunwa.

Hapo nilipaswa kuwa na furaha, na nilikuwa nayo, kama wiki mbili. Lakini mwalimu hakuweza kukaa na hadithi yake kimya. Aliwasomea walimu wenzake, akamsomea padri mmoja aliyekuwa akija kwa pikipiki kukagua shule, mtu mpole lakini mwenye kichwa kigumu, na padri akamwambia kitabu chenyewe ni upuuzi, na hadithi hiyo inanukia kitabu. Wakabishana. Mwisho mwalimu akasema, "Twende kwa mwenyewe. Bibi kizee asiyejua a wala be. Kama hadithi si yake, nitakitupa kitabu Ruvubu."

Wakaja Jumapili baada ya misa. Walikuta watu uani, maana Bitegeko alikuwa ameleta rubisi, pombe yetu ya ndizi, na bibi alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachambua maharage. Mimi nilikuwa naleta maji. Nilipoiona pikipiki nikasimama pale pale na mtungi wangu.

Mwalimu alieleza kilichowaleta, kisha akasoma hadithi yote kwa sauti. Watu walisikiliza. Bitegeko akasema, "Mwalimu, hiyo nyota ilipopita, haikubeba ndama wangu mwekundu? Maana hata leo sijamwona." Wakacheka wote, padri naye.

"Mwalimu Gervazi," padri akasema, "kama nyota ingetupita karibu hivyo, angebaki nani wa kusimulia?"

"Waliobaki, padri. Kila mara kuna wanaobaki."

"Haya. Mama, hadithi hii umempa wewe mjukuu wako?"

Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa akitoa kokoto kwenye maharage, moja moja, akiziweka pembeni ya mguu. Baba ndiye aliyenitazama. Baba alikuwa amelala kando ya moto wa mama yake maisha yake yote, na hadithi ile hakuwahi kuisikia. "Pascazia," akasema taratibu, "kama umemdanganya mwalimu, basi shule hakuna. Huko kwenda kufanya nini? Kudanganya unajua tayari."

Nikatazama chini. Nilikuwa bado nimebeba mtungi kichwani, na ninakumbuka kwamba maji ndani yake yalikuwa yanagonga pande zote mbili, na kila mtu angeweza kusikia.

"Soma tena," bibi akasema.

Mwalimu akasoma tena. Sauti yake ilikuwa imepungua. Alipomaliza bibi akaweka ungo chini.

"Umekosea," akasema.

Mwalimu akafunga daftari. Padri akaanza kuinuka.

"Hakwenda kwa mwezi kuomba moto," bibi akasema. "Watoto hawasikilizi. Alikwenda kwa mwezi kurudisha chungu alichokiazima, na moto akapewa kwa sababu mwezi aliona aibu kumrudisha mgeni mikono mitupu. Andika hivyo."

Bitegeko aliutoa mrija kinywani. "Mama Buchumi! Jua liko utosini!"

"Naliona, Bitegeko. Sijawa kipofu." Akaendelea. Akasema nyota ilipoungua nywele iliona haya kurudi kwao na kichwa kipara, ndiyo maana inazunguka mbali mpaka leo. Akasema mto ulipofika kwa mama yake ulilala ukamziba mama pumzi, mama akauambia, rudi, ukawatazame watu kama bado wapo. Ukarudi polepole, ukichungulia huku na kule kabla ya kwenda mbele, na ndiyo maana Ruvubu inapinda-pinda namna ile. Watu wakatoka mapangoni gizani, wakahesabiana kwa kushikana vichwa, na aliyekosa kichwa cha kushika akalia, na kilio hicho ndicho kilichoamsha jua.

Hakuna aliyecheka. Bibi alisimulia yote hayo mchana kweupe, mbele ya mlango wake, mwanamke ambaye hakuwahi maishani mwake kusimulia hata nusu ya hadithi kabla ya moto kuwashwa. Alipomaliza akachukua ungo.

Padri akasema, "Ni hadithi nzuri sana, mama. Uzuri si ushahidi, lakini ni nzuri." Akaomba maji ya kunywa, na ni mimi niliyempa. Mwalimu alikuwa akifuta miwani, anafuta, anafuta, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo kama ya mtoto aliyeamshwa. Baba akasema basi, mwaka mpya nitakwenda.

Nilikwenda. Nilisoma. Siku nilipolisoma lile gunia mwenyewe lilikuwa limechanika, limebaki "vi safi," lakini nilisoma.

Habari za mwalimu ni fupi. Alituma barua kwa yule mzee wa kitabu, kwa anwani aliyoipata sijui wapi, na hakuna jibu lililokuja wakati nipo. Baadaye alihamishwa. Nikiwa mtu mzima niliambiwa kitu ambacho utotoni hakuna aliyekisema mbele yetu, kwamba mama yake Gervazi alifukuzwa kijijini kwao baada ya radi kuua watu wawili. Walisema ni yeye aliyeiita. Aliondoka na kikapu kimoja na mtoto mwenye macho mabovu. Nilipolisikia hilo nilikielewa kitabu chake zaidi ya alivyonieleza mwenyewe. Alitaka kilichotoka juu kiwe cha juu, nyota tu iliyopotea njia, asiwepo mwanamke wa kulaumiwa chini.

Kuhusu huyo mzee mwenyewe, kama alisema kweli au alikosea, mimi si mtu wa kuamua. Wanaojua nyota wanasema alikosea, nami sina sababu ya kuwabishia. Ninachojua ni jinsi shahidi wake mmoja alivyopatikana. Alikuwa juu ya dungu, anataka shule, na aliyekuwa akiuliza alikuwa na jibu tayari ndani ya swali. Hao wengine waliomo kitabuni, wa nchi nyingine, sijui waliulizwa nini, wala walikuwa wanataka nini.

Nirudi kwa bibi, maana nimemzunguka muda mrefu na najua kwa nini.

Jioni ya Jumapili ile tulikaa motoni kama kawaida, mimi na Filibert na wadogo, tukamngoja aanze. Akasema, "Zimekwisha." Tukadhani ni mchezo. Kesho yake akasema vile vile. Hakunigombeza, si siku ile wala siku nyingine, na neno moja kuhusu ile nyota hakunitajia. Ila hakusimulia tena. Kila jioni alikaa mbali kidogo na moto, akijipaka samli mikononi, kuanzia vidole mpaka kwenye viwiko, polepole, akigeuza mkono huku na huku karibu na mwanga. Nilidhani ni baridi ya uzee inamwuma. Mimi, mtoto niliyefanya vile vile kwa siku tano nzima, nilidhani ni baridi! Ilinibidi nizae watoto wangu mwenyewe ndipo nielewe kwamba yeye aliliamini katazo lile kwelikweli, kuliko nilivyoliamini mimi. Pale mlangoni, ungo ukiwa chini, hakuwa anadanganya kidogo ili mjukuu asinyimwe shule. Alikuwa anatoa mwili wake. Alijua ananigawia nini na alijua yeye anakwenda wapi, akaomba tu asomewe mara ya pili ili asikosee.

Wakati wa wakimbizi nilikwenda Kasulo kumwuguza dada yangu, na nikawa naingia kambini Lukole mchana kuuza ndizi. Huko nilimkuta ajuza mmoja wa Burundi, tukaelewana kwa lugha zetu ambazo ni ndugu, na watoto waliniambia jioni anasimulia mpaka watu wa mahema mengine wanakuja. Walinitajia moja, ya mwanamke na mchi. Nilimrudia yule ajuza. Nilimpigia magoti, nikamwambia, mama, nisimulie, zilizobaki zote, mimi jioni siwezi kuwa hapa. Alinitazama kwa huruma. "Mchana huu, mwanangu?" akasema. Akanunua ndizi zake akaondoka. Sikumlaumu. Nilichukua kapu langu nikatembea njia yote ya kurudi bila kutaka kuongea na mtu.

Nilipofika darasa la tatu, Filibert, aliyekuwa amemaliza shule akanipokea dungu, akaondoka kwenda kutafuta kazi, mtama ukakosa mtu, na baba akanitoa shule. Nilirudi kwa ndege. Miaka mitatu tu. Nasoma majina ya dawa, nasoma karatasi za kura, nasoma misalaba ya makaburini, na kuandika ndivyo mnavyoona.

Lakini kabla sijatolewa, siku moja nimerudi kutoka shule, bibi aliniita nyuma ya nyumba. Akasema, "Niandikie mama yangu."

Sikuelewa.

"Jina lake. Nyabenda. Hadithi zote alinipa yeye."

Nikachukua kijiti nikaandika kwenye vumbi, herufi kubwa, najivuna. Bibi alichuchumaa. Alilifuata jina kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kugusa ardhi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Ni yote?"

"Ni yote."

Akakaa pale. "Yeye alikuwa akianza jioni," akasema, "jogoo anawika hajamaliza." Kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani.

Leo najua alikuwa anatafuta nini pale chini. Siku ile nilidhani hakufurahi kwa sababu mwandiko ulikuwa mbaya. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika upya, vizuri zaidi, herufi zote zimenyooka, nikamwita aje aone.